Udi na dufu kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, Mji Mkongwe

Kwa wiki sita nilimsindikiza mama mdogo, anayetibiwa saratani ya matiti na ambaye mionzi aliifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye huduma ya tiba ya muziki inayotolewa katika chumba cha ghorofani hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Mtaalamu haanzi na ala. Kwanza humuuliza mgonjwa amelalaje, anaumwa wapi na anapenda nyimbo zipi, kisha hupiga udi, ala ya nyuzi, polepole akifuata pumzi zake, na anayetaka huimba au hupiga dufu kwa mkono wa upande usiofanyiwa upasuaji. Mama mdogo alichagua taarabu ya zamani, akalia, halafu akacheka, na usiku ule hofu ya kemo (tiba ya dawa za saratani) ya kesho yake ilimpungua. Wahudumu hueleza bayana, nami nawasifu kwa hilo, kwamba muziki huweza kupunguza wasiwasi na maumivu lakini hautibu uvimbe wa saratani, wala si ruhusa ya kuacha dawa. Kasoro kubwa ni ngazi: ni nyembamba na ndefu, na aliyechoshwa na kemo huzipanda kwa tabu. Ada ni nafuu, ingawa chai huja imeshapoa.