BCD ya kununua ukipiga mbizi Malindi, na ile ya maji baridi

Kaskazi ikianza tu meseji ni zile zile: "Dada, nimenunua BCD ya mzungu, mbona sizami?" BCD ni lile jaketi la mpiga mbizi la kujaza na kutoa hewa, na wewe huzami kwa sababu umenunua sponji.

Wauzaji watakuhubiria mifuko na rangi, ila hakuna atakayekwambia jaketi lenyewe linaelea kiasi gani likiwa halina hewa kabisa. Lile la Ulaya limeshonewa mtu wa wetsuti (suti ya mpira ya kuzuia baridi) ya milimita 7, amejifunga risasi kibao, vile vipande vizito vya kumzamisha, na akifika mita 10 neoprini, yaani mpira wa hiyo suti, imebanwa vibaya haimwinui kama mwanzo, so lazima awe na jaketi kubwa la kumbeba. Huku maji ni nyuzi 25 hivi wakati wa Kusi, Machi zinafika 29, milimita 3 zinatosha, sasa ukubwa wote huo wa nini? Sponji ya mgongoni inakudai risasi za ziada, halafu mitungi yetu mingi ni ya alumini, hewa ikikaribia kuisha mtungi wenyewe unaelea, karibu kilo 2, ndio unajikuta kwa kile kisimamo cha usalama cha mita 5, kabla ya kutoka juu, unapigana na maji.

Kabla hujatoa pesa tafuta pipa la maji. Fungua valvu, kamua hewa yote, lizamishe mpaka mapovu yaishe kwenye mishono, achia. Likipanda, tia risasi mojamoja mfukoni hadi lizame. Huo ndio mzigo utakaobeba kila siku. Muuzaji akikataa pipa, jiondokee.

Namba moja kwangu ni Scubapro Hydros Pro na msinibishie. Mgongo ni jeli, haunywi maji, unakauka haraka. Bei inauma, najua.

Namba mbili Cressi Travelight, jepesi, linakunjika kwa begi, ila na drysuti (suti isiyoingiza maji) usilijaribie.

Unaenda Norway? Chukua bamba la chuma la mgongoni na bawa, yaani mfuko wa hewa unaofungwa kwenye bamba, uzito wa bamba unakupunguzia risasi.

Za bei rahisi: kagua valvu, basi.

Na hizi bei za yuro hapa mjini jamani! Kuna duka, silitaji, wana jaketi la mitumba mpira umepauka, eti "orijino ya Italia". Nikabonyeza kitufe cha kujazia hewa, kikazama na chumvi yake hakikurudi. Kikikwama hivyo ukiwa chini jaketi linajijaza lenyewe unarushwa juu, na jamaa hapunguzi hata mia.