Kifaa cha Kuchorea Huzuni: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetaka kutoa kwa kuchora yale ambayo mdomo umeshindwa kuyasema hahitaji kifaa kilekile anachokihitaji mchoraji wa mabango. Anahitaji kinachowaka upesi saa nane usiku, umeme uwepo usiwepo, na kalamu inayohisi uzito wa mkono. Nililijua hilo hapa Moshi baada ya matanga ya baba, nilipokuwa nikiichora mikono yake kwenye simu kwa kalamu ya ncha ya mpira: nilikandamiza kwa uchungu wote niliokuwa nao, na mstari ukabaki mwembamba uleule, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo nakitanguliza kishikwambi, yaani tableti, jina ambalo wengi tulilizoea kwa makarani wa Sensa ya 2022, mradi kiwe na kalamu yake ndani ya boksi, kama Samsung Galaxy Tab S6 Lite. Kalamu hiyo huchora bila kuchajiwa na huhisi mgandamizo, na programu ya kuchorea ya ibisPaint hupatikana bure. Kilichotumika kinafaa pia, ila kijaribu dukani: laza kiganja juu ya kioo, kisha chora mstari wa mshazari polepole ukifuata rula. Mstari ukitetemeka, au kiganja kikiacha alama, kirudishe. Wapo wauzaji wanaoambatanisha kalamu ya mpira na kifaa kisichohisi mgandamizo wowote, nao huapa kwamba ni ileile.

Cha pili ni ubao usio na kioo, mfano Wacom Intuos, kwa mwenye kompyuta tayari. Mkono huchora mezani huku macho yakiwa kwenye skrini, na aliyefiwa juzi hana subira ya kulizoea jambo hilo.

iPad naiweka ya tatu kwa sababu ya gharama tu, kwani Apple Pencil hununuliwa kando, na si kila kalamu huoana na kila iPad.

Simu uliyo nayo ni ya mwisho, lakini ianze kabla hujatoa hata shilingi, uone kama kuchora kunakufaa. Jifunze kwanza matumizi ya tabaka, ambazo ndani ya programu ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, maana tabaka huweza kufichwa bila kufutwa. Katika mchoro wa baba, kitanda cha wodini kipo kwenye tabaka la chini, nimekificha. Kinachoonekana ni mikono na kofia yake. Siku nyingine hukifunua, nikaongeza mistari miwili, nikakificha tena.