Mausipisi yenye ukingo uliopinda: tathmini kutoka misafara ya harusi ya Mtwara

Mausipisi ya tarumbeta (kile kipande cha kupulizia kinachogusa midomo) ninayoitathmini hapa hujitofautisha hata kabla haijapulizwa: ukiigeuza na kuisimamisha mezani kwa upande unaogusa midomo, haitulii, bali huyumba. Ukingo wake umeinuka juu na chini, kisha unashuka taratibu kulia na kushoto, mahali ambapo ukingo bapa hukandamiza misuli ya pembeni mwa mdomo. Tundu la kikombe nalo si duara kamili, kwani limenyooshwa kidogo kwa upana. Sehemu nyingine zimebaki kama tulivyozizoea: kikombe cha kina cha wastani, koo (tundu jembamba lililo chini ya kikombe) la upana wa kawaida, na mkia unaoingia katika tarumbeta yoyote ya Bb (B-flati, ile ya kawaida). Anayeiuza anadai kwamba umbo hilo hupunguza uchovu wa midomo, huongeza uwezo wa kufikia sauti za juu, na humfaa zaidi mpigaji ambaye meno yake ya mbele hayakupangika sawasawa. Nimeipuliza kwa msimu mzima wa harusi, na naweza kusema kwamba dai la kwanza ni la kweli, la pili limetiwa chumvi, na la tatu lilinishangaza.

Inafaa kueleza mazingira ya jaribio lenyewe, kwa sababu sidhani kwamba waliobuni kifaa hiki walikuwa wanafikiria kazi ya aina yetu. Hapa Mtwara harusi huongezeka fedha za korosho zinapoanza kuingia mifukoni, kuanzia mwezi wa Oktoba na kuendelea, na kundi la matarumbeta hupanda nyuma ya kirikuu au pikapu na kuongoza msafara wa maharusi. Safari ya kutoka Shangani hadi Mikindani ni ya takriban kilomita 10, lakini msafara wa harusi hauendi kwa mwendo wa gari. Unasimama kila penye watu, wimbo mmoja unarudiwa mpaka wenye shughuli waridhike, na wageni wanapoanza kutunza hakuna anayethubutu kushusha tarumbeta. Mpigaji wa okestra ana mapumziko yaliyoandikwa kwenye karatasi yake ya nota. Sisi mapumziko yetu ni pale mpiga ngoma anapotuonea huruma. Unapiga ukiwa umesimama, mkono mmoja kwenye vali na mwingine umeshika chuma cha gari, nalo gari linapanda matuta. Kifaa kinachodai kupunguza uchovu hakiwezi kupata mtihani mgumu kuliko huo.

Kipimo changu cha kulinganishia kilikuwa Bach 7C, ambayo yenyewe au nakala zake hukutwa ndani ya masanduku mengi ya tarumbeta za wanaoanza. Vincent Bach, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alianza kutengeneza mausipisi mwaka 1918, na utaratibu wake wa majina umeigwa na wengi: namba inapopungua kikombe huwa kipana zaidi, na herufi inapokwenda mbele kutoka A kina cha kikombe hupungua. Upana wa ndani wa 7C ni kama milimita 16.2, na wa 1½C ni kama milimita 17. Tofauti hiyo haifiki hata milimita moja, lakini mpigaji yeyote aliyezoea moja akipewa nyingine gizani ataitambua papo hapo. Midomo ina hisia kali kiasi hicho. Kwa hiyo ukingo uliopinda kwa kiasi kinachoonekana wazi kwa macho si badiliko dogo, na yeyote atakayeinunua ajiandae kupitia kipindi ambacho noti zake zitakuwa na mikwaruzo, midomo ikitafuta mahali pa kukaa. Kwangu kipindi hicho kilikuwa kirefu kuliko nilivyotarajia, na sikuthubutu kuipeleka kwenye shughuli ya watu mpaka kilipokwisha.

Nilichotaka kujua kwanza ni kama sauti itabadilika, kwa kuwa wenzangu wengi waliitazama na kusema kwamba kitu kisicho duara kitatoa sauti ya ajabu. Haikubadilika, na sababu yake si fumbo. Hewa iliyomo kikombeni na ile iliyomo kwenye koo hutetema pamoja kama chombo kimoja, na kinachotawala zaidi ni ujazo wa kikombe na ukubwa wa koo, wala si mkunjo wa kila upande. Noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa takriban sentimita 78 hewani, ilhali kina cha kikombe hakifiki hata sentimita mbili; wimbi refu namna hiyo halijali kama kikombe ni duara kamili au kimenyooshwa kidogo. Anayetaka kuhakiki bila vipimo apige mdomo wa kikombe kwa kiganja, atasikia mlio mfupi wa “po”. Nilifanya hivyo kwa 7C yangu na kwa hii mpya, na masikio yangu hayakuweza kutenganisha milio hiyo miwili. Mbunifu alibadilisha upande unaogusa mwili wa mpigaji na kuuacha upande unaozungumza na chombo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika kifaa hiki. Mausipisi nyingi zinazojitangaza kuwa za kipekee hufanya kinyume, zikabadilisha kina na koo kwa pamoja, ukajikuta una tarumbeta nyepesi kwenye sauti za juu lakini nyembamba na isiyotulia kwenye tyuni.

Kuhusu uchovu, hapa ndipo penye thamani yake. Mpigaji anapochoka hujikuta akikandamiza chombo mdomoni ili kuzuia noti isivunjike, na mkandamizo huo hubana damu isipite vizuri kwenye nyama ya mdomo, hivyo mdomo huzidi kuchoka, naye huzidi kukandamiza. Kwa ukingo bapa, misuli inayouzunguka mdomo hubanwa pande zote kwa pamoja. Kwa ukingo huu, mzigo unakaa zaidi katikati, juu na chini, na pembe za mdomo zinabaki huru kuvuta na kulegea. Tofauti sikuiona mwanzoni mwa msafara, kwani kila mausipisi ni nzuri mdomo ukiwa mpya. Niliiona tunapokaribia Mikindani, ambapo kwa kawaida ningekuwa nimeshaanza kuziacha noti za mwisho wa kila mstari ili wenzangu wazimalizie. Safari hizi noti hizo nilizimaliza mwenyewe, na jioni alama nyekundu ya mviringo, ambayo kila mpiga tarumbeta anaijua, ilikuwa imefifia pembeni na kubaki kidogo tu juu na chini.

Sauti za juu ni habari nyingine. Do ya juu ya mpiga tarumbeta, ile inayosikika kama B-flati, huitaka midomo itetemeke takriban mara 932 kwa sekunde, na hakuna umbo la ukingo litakaloifanya kazi hiyo badala ya pumzi na misuli. Noti niliyokuwa siifikii kwa 7C siifikii kwa hii pia. Ninachoweza kukiri kwa haki ni kwamba noti ninayoifikia asubuhi naendelea kuifikia alasiri, na labda hapo ndipo wauzaji wanapochanganya mambo mawili, kwa kuwa mpigaji asiyechoka huonekana kama mpigaji aliyepanda daraja.

Lipo tatizo ambalo maelezo ya muuzaji yalilitaja kwa mstari mmoja tu, ingawa lilistahili ukurasa. Kwa kuwa ukingo una juu na chini, mausipisi hii lazima iingizwe katika tarumbeta ikiwa imeelekezwa sawasawa, na kuna alama ndogo iliyochongwa ubavuni kwa ajili hiyo. Sote tumefundishwa kuingiza mausipisi kwa kuizungusha kidogo ili ikae imara. Ukifanya hivyo hapa, alama inahama, na upande ulioshuka unajikuta chini ya pua. Inabidi uanze kabla kidogo ya alama, uizungushe mpaka ifike, kisha uache. Ikiwa imekosewa hata kidogo, hewa huvuja pembeni kwa mlio wa kufedhehesha. Nyuma ya kirikuu, tuta moja linatosha kuisogeza, na nimelazimika mara nyingi kuinyoosha kwa kidole gumba katikati ya wimbo. Ibadani, au popote mtu anapopiga akiwa ameketi, kero hiyo haipo kabisa. Barabarani ipo, na yule anayepiga barabarani tu aipime dhidi ya faida niliyoitaja.

Kikwazo cha pili kinahusu desturi yetu ya kumiliki vyombo kwa pamoja. Katika makundi mengi tarumbeta ni mali ya kikundi, na mpigaji akiumwa au akisafiri kwenda shambani, mwingine huchukua chombo na mausipisi yake bila swali. Mzee anayetuongoza aliishika, akaigeuzageuza, kisha akauliza kwa upole: “Sasa mwanangu, wewe ukiumwa hii nani ataipuliza?” Swali hilo halina jibu zuri. Hiki ni kifaa cha mtu mmoja, kinachozoea mdomo mmoja. Kwa upande wa usafi hilo si jambo baya hata kidogo, lakini kikundi kinachonunua kwa fedha za mfuko wa pamoja kisinunue hii.

Dai la meno nililijaribu kwa msaada wa mwenzangu ambaye jino lake moja la mbele limesogea mbele ya jirani yake, na ambaye kwa miaka mingi amepiga akiwa ameuhamishia ukingo upande wa kushoto. Kwa kuwa pande za ukingo huu zimeshuka, jino hilo halikukutana tena na chuma kwa nguvu ileile, naye aliweza kupiga katikati ya mdomo bila maumivu baada ya muda mfupi sana, mfupi kuliko nilioutumia mimi mwenye meno ya kawaida. Ningekuwa muuzaji, ningeanza na dai hili na kuyaacha mengine yafuate.

Kwa wale wanaocheka umbo lake, nakumbusha tu kwamba pwani ya Waswahili si mahali pa kushangaa chombo cha kupuliza kisichofuata mviringo wa kiwandani. Siwa (baragumu kubwa la sherehe) ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ya shaba, zote zina tundu la kupulizia lililotobolewa ubavuni, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hazisikiki.

Ujenzi wake ni mzuri. Ni shaba iliyopakwa fedha, na rangi ya fedha haijachubuka popote, ingawa imeanza kufifia na kuwa nyeusi kama kila kitu cha fedha kinavyofanya. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi nyembamba ya kupitisha kooni vinatosha. Mchanga na majivu, ambavyo nimeona vikitumika kusugulia tarumbeta, viachwe mbali, kwa kuwa shaba tupu ikibaki wazi kwenye ukingo huwasha midomo ya baadhi ya watu.

Bei ndiyo inayouma. Hadi inanifikia Mtwara, pamoja na usafiri, ilizidi shilingi laki tano, ilhali nakala nzuri ya 7C hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Wapo watengenezaji wanaouza mausipisi za vipande, ambazo ukingo wake hufunguliwa na kufungwa kwa nyuzi kama skrubu, na mwenye kikombe cha aina hiyo anaweza kutafuta ukingo uliopinda peke yake kwa gharama ndogo zaidi, mradi nyuzi zioane. Kabla ya kuagiza chochote, mnunuzi ahakikishe kwamba chombo chake ni tarumbeta wala si koneti (chombo kinachofanana na tarumbeta), kwa kuwa mkia wa koneti ni mwembamba zaidi. Kisha aipime tarumbeta yake kwa mausipisi yoyote ya kawaida: mkia uingie kama sentimita mbili na nusu hivi na ukae bila kuchezacheza. Baadhi ya tarumbeta za bei nafuu zina bomba lililolegea, na humo alama ya kuelekezea haitakaa mahali pake hata kwa mstari mmoja wa wimbo.