Nimerudi kwenye Black Flag: majini raha, nchi kavu kazi

Mara ya kwanza nilicheza Assassin's Creed IV: Black Flag, gemu la maharamia, mwaka 2015, kwenye kompyuta ya binamu yangu kule Pasiansi, Mwanza, kwa zamu za saa moja moja. Sikulimaliza. Juzijuzi nimelikuta limeshushwa bei, nikasema ngoja nimalize deni. Ni karibu GB 30, kwa hiyo nililipakua kwa bando la usiku, siku tatu, naomba umeme usikatike.

Laptop yangu ni ya mtumba, RAM GB 8, kadi ya michoro ya kawaida tu. Nikashusha resolusheni hadi 1280 kwa 720 na vivuli nikaviweka chini kabisa. Linaenda. Havana penye watu wengi linakwamakwama na feni inalia kama mashine ya kusaga, lakini ukishang'oa nanga linatulia.

Kwa asiyelijua: lilitoka 2013, na hadithi inaanza 1715 huko Karibiani. Wewe ni Edward Kenway, kijana wa Wales aliyemwacha mkewe nyumbani akaenda kusaka utajiri. Mwaka huo kimbunga kilizamisha kweli msafara wa Wahispania uliobeba hazina, na humu ndani kimbunga hichohicho ndicho kinampa Edward meli: yeye na Adéwalé, mfungwa mwenzake, wanaiba Jackdaw katikati ya purukushani. Blackbeard, Anne Bonny, Mary Read na Charles Vane utawakuta pia, na hao ni maharamia walioishi kweli.

Utamu wote uko majini. Mabaharia wanaimba nyimbo za kazi huku tanga limejaa, na usiku ukiona taa ya meli kwa mbali unakumbuka taa za wavua dagaa ukiwa umesimama Kirumba. Nyimbo mpya unazipata kwa kukimbiza karatasi zinazopeperushwa na upepo juu ya mapaa. Nimeanguka mara nyingi kwa ajili ya karatasi hizo, na sijuti.

Jioni moja baba mdogo alipita nyumbani. Amefanya kazi miaka mingi kwenye boti za kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Akakaa nyuma yangu na chai yake, kimya, mpaka dhoruba ikapiga na wimbi moja kubwa likaja upande wa kushoto. Akaweka kikombe chini.

"Lipe pua, mwanangu! Usilipe ubavu!"

Nikazungusha usukani, mabaharia wakainama, Jackdaw ikapanda wimbi na kushuka salama. Gemu linataka hivyohivyo: ukipigwa ubavuni, meli inaumia vibaya. Baba mdogo akaniuliza kama waliotengeneza hilo dude wamewahi kuvuka kwenda Ukerewe. Tulipofika kwenye kuvua nyangumi kwa chusa, ukiwa ndani ya kimtumbwi, akacheka akasema huo sasa ni uongo. (Si uongo, lakini sikubishana.)

Nchi kavu ndiyo inachosha. Misheni nyingi mno ni zilezile: mfuate fulani, usimkaribie, usimpoteze, sikiliza anachosema. Akikuona, unaanza upya. Na Edward ana tabia ya kurukia ukuta ambao hukumtuma. Kuna pia sehemu za gemu zinazokutoa 1715 na kukuweka ofisini, zama zetu hizi; hizo nilizipita haraka kama mtu anayepita kwa mdai wake.

Kitu ambacho 2015 sikukiona ni Adéwalé. Zamani nilikuwa naruka maongezi yote nikimbilie mizinga. Safari hii nimesikiliza. Alizaliwa utumwani Trinidad, anaijua meli vizuri, lakini mapema kabisa anasema wazi kwamba kwa sura yake wale wanaume hawatamkubali kuwa nahodha. Anakubali kuwa msaidizi, halafu anakaa kumtazama Edward akifuja kila kitu kwa tamaa. Mimi nilikuwa upande wake muda mrefu kabla Edward hajashtuka. Kuna kipande cha ziada, Freedom Cry, ambacho Adéwalé mwenyewe ndiye shujaa, anakomboa watumwa Port-au-Prince. Ukipata nafasi usikiache.

Hadithi nimemaliza. Kilichobaki ni wale mapacha, meli za kivita HMS Fearless na Royal Sovereign. Ukizamisha mmoja, mwingine anapandwa na wazimu na kuja kukugonga mzimamzima, kwa hiyo inabidi uwachoshe wote wawili sawasawa. Nimezama mara sita. Baba mdogo amesema Jumamosi anakuja, nisianze bila yeye.