Nililipa 140,000 kujifunza kutengeneza programu: uchambuzi wa butikampu, mwaka mmoja baadaye

Haya, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala spika. Bidhaa ya leo ni hii hapa, ngoja niisogeze karibu na kamera... mmeiona? Cheti. Fremu alinunua mama, na hicho kidoa pale pembeni ni chai, kilipatikana siku alipokuwa anawaonyesha majirani. Kinasema nimefuzu kutengeneza programu za kompyuta. Kimenigharimu shilingi 140,000 za Kenya, miezi mitano, na laptopu ya mtumba niliyonunua kwa pesa za chama cha mama. Simu ikikuudhi unamuuzia binamu yako. Hiki huwezi, kwa hiyo nisikilizeni kabla hamjalipa.

Jina la kambi, yaani hiyo butikampu niliyosomea, silitaji. Najua mtaniuliza kwenye maoni, na sitajibu. Walimu wawili wa pale nimekula nao ugali, na isitoshe, mengi nitakayosema leo utayakuta kwenye kambi nyingi za aina hii.

Kwa asiyejua, butikampu ni shule ya mbio. Nyingine ni za wiki 12, nyingine miezi mitano au sita, na ndani ya muda huo wanakutoa kwenye sifuri wanakufikisha mahali pa kuomba kazi. Mtindo huu ulianzia Marekani. Dev Bootcamp ya San Francisco ilifungua milango mwaka 2012, ikaifunga 2017, lakini kufikia hapo kila mji mkubwa ulikuwa na kambi zake, Nairobi ikiwemo. Mimi nilitoka Mombasa nikaenda kulala kwa binamu yangu, mtaa wa Umoja huko Nairobi, matatu mbili kila asubuhi. Nilipomuaga shangazi nikamwambia naenda kusomea kodi, nikimaanisha coding, kuandika programu. Akafurahi sana. Akaniuliza, "Kwa hiyo utaajiriwa KRA?" Wale wa kukusanya kodi ya serikali. Tangu siku ile nasema programu.

Sasa, jambo la kwanza ambalo muuza kambi hatakwambia: masomo yenyewe ni ya bure. freeCodeCamp iko mtandaoni tangu 2014 na haidai hata senti. The Odin Project, bure. CS50, somo lile lile la kompyuta wanalofundisha Harvard, unalitazama bure ukiwa umelala kitandani. Hakuna kitu nilichofundishwa pale ambacho hakipo huko. Hakuna hata kimoja.

Mbona basi nililipa? Kwa sababu nilikuwa nimejaribu cha bure mwaka mmoja na nusu. Kwenye laptopu hii nina folda tano na zote zinaitwa "mwanzo mpya". Nilikuwa naanza Januari, nafika kwenye vitanzi, yale maagizo ya kuifanya kompyuta irudie jambo tena na tena, nakwama, naacha, naanza tena baada ya Ramadhani. Mtu akikwama peke yake usiku wa manane hana wa kumuuliza, na kesho yake ana visingizio.

Niwape kisa kimoja mwone pesa yangu ilikwenda wapi. Wiki ya tatu, tumepewa zoezi dogo: onyesha kwenye ukurasa orodha ya vituo saba vya matatu na nauli zake. Mistari kumi na kitu ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandaoni. Nikaandika, nikafungua kivinjari, ukurasa mweupe. Nikatazama kama kuna ujumbe wowote wa kosa, maandishi mekundu, chochote. Kimya. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana nilihamisha mistari, nikafuta, nikarudisha, nikazima laptopu nikawasha. Nilianza kuilaumu intaneti, na zoezi lenyewe halikuwa linahitaji intaneti.

Mwalimu akaja, akavuta kiti, akaweka mikono mifukoni. Hiyo ya mifukoni ilikuwa desturi yake, haigusi kibodi yako hata ulie.

"Orodha yako ina vitu vingapi?"

"Saba."

"Umejuaje?"

"Nimeviandika mimi."

"Sikukuuliza wewe umeandika vingapi. Kompyuta inaona vingapi? Iulize."

Nikaandika console.log, ule mstari wa kuiambia kompyuta ikuonyeshe inachokiona. Jibu likaja: undefined. Yaani haijui ninazungumzia nini.

"Sasa soma neno uliloandika baada ya ile nukta. Kwa sauti. Herufi moja moja."

Nikasoma: l, e, n, g, h... nikanyamaza. Neno sahihi ni length, urefu wa orodha. Mimi nilikuwa nimeandika lenght. Herufi mbili zimebadilishana viti.

Angalieni ubaya wake. JavaScript ukiiuliza kitu ambacho hakipo kwenye orodha haipigi kelele. Inakujibu undefined na inaendelea na shughuli zake. Halafu kitanzi cha kupitia orodha, kikihesabu kuanzia sifuri, kinauliza: je, sifuri ni ndogo kuliko undefined? Jibu ni hapana. Basi kitanzi hakizunguki hata mara moja, na kwa upande wa kompyuta hakuna aliyekosea. Saa nne zangu zimekwenda hivyo. Baadaye nilisoma kwamba Brendan Eich aliitengeneza lugha hii kwa siku 10 mwezi Mei 1995, nikaanza kuisamehe kidogo.

Lakini tangu mchana ule sijawahi tena kukisia. Kitu kikikataa, naiuliza kompyuta inaona nini, mstari kwa mstari, mpaka nifike pale ambapo ninachodhani na inachoona vinapishana. Hiyo tabia ndiyo niliyonunua. Video mia mbili zilishindwa kunipa, kwa sababu video haiwezi kukukalia hapo mikono mifukoni.

Haya, na kasoro.

Yule mwalimu aliondoka wiki ya nane. Tulikuwa wanafunzi 42, na baada ya hapo aliyebaki ni mwalimu mmoja na wasaidizi watatu, wote wamemaliza kambi hiyo hiyo muhula uliotangulia. Vijana wazuri, ila walikuwa wanajua kurasa mbili mbele yetu. React, zana ya kujengea kurasa, tukapitishwa kwa siku nne. Python na Flask, lugha na zana ya kazi za nyuma ya ukurasa, tukaenda kwa kasi ya basi la usiku, usingizi na kona. Niliuliza karo itapunguzwa, maana walichotuahidi ni kingine. Nikaambiwa nisome mkataba. Nikausoma. Wana haki. Kwenye mkataba hakuna mahali palipoandikwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi wangapi, na mimi nilikuwa nimetia sahihi bila kuuliza.

Na hii ya akili bandia, maana najua mnasubiri. Nusu ya darasa walikuwa wanaipa ChatGPT mazoezi ya nyumbani. Wiki tano za mwanzo walikuwa mbele yetu, kazi zao safi, maelezo yamenyooka. Kisha ukaja mtihani wa kukaa chumbani bila intaneti, na jamaa niliyekuwa namwonea wivu akatazama skrini dakika arobaini, akafunga laptopu akaenda kununua mandazi. Mimi mwenyewe naitumia kila siku kazini sasa. Ila itumie ukishajua kusoma inachokupa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni mradi wa mwisho, wiki tatu. Shangazi yangu anakodisha mahema na viti vya harusi, Kisauni kule Mombasa. Hesabu zake zote ziko kwenye daftari la kaunta, na mara mbili amewahi kuahidi viti 200 vile vile kwa harusi mbili za Jumamosi moja. Nikasema namtengenezea mfumo: mteja anachagua tarehe, mfumo unatazama viti vilivyobaki, analipa arubuni kwa M-Pesa.

Kuunganisha M-Pesa unapitia Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia watengeneza programu, na una uwanja wa majaribio ambako unajipima kabla ya kugusa pesa za watu. Siku ya kwanza nilikataliwa kwa sababu ya namba ya simu. Sisi wote tunaandika sifuri saba. Daraja inataka 254 mbele, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha. Siku ya pili nikakataliwa kwa sababu ya anwani. Unapoomba malipo unaipa Daraja anwani ya kukuletea majibu, kwamba mteja ameweka namba ya siri au ameghairi. Mimi nikaweka localhost. Sasa localhost, kwa kompyuta yoyote ile duniani, maana yake ni "mimi mwenyewe". Nilikuwa naiambia Safaricom ikimaliza ijipelekee majibu yenyewe! Dawa yake ni programu kama ngrok, inayoipa laptopu yako anwani ya muda kwenye intaneti. Dakika kumi, kwa anayejua. Mimi zilinila siku mbili, na simu ilipotetemeka mezani na ule ujumbe wa kuweka namba ya siri ukatokea, nilipiga kelele darasa zima likageuka.

Nikampelekea shangazi, kifua mbele. Akautazama, akabonyeza hapa na pale, akaniambia, "Mashallah. Na mtu akirudisha viti 197?"

Mfumo wangu ulikuwa unajua viti vimetoka au vimerudi. Vitatu vilivyovunjikia kwenye harusi ya watu haukuwa na mahali pa kuviweka. Ilibidi nivunje majedwali ya hifadhidata nianze upya, na kambi ilikuwa imeshakwisha. Miezi mitano hakuna aliyetuambia tukae na mwenye biashara siku nzima kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo watu wanapolizwa. Bango la kambi yangu lilikuwa linasema wahitimu tisa kati ya kumi wanapata kazi. Nilipokuwa tayari nimelipa ndipo nikajua wanavyohesabu. Wanawahesabu waliojibu ujumbe wao tu. Atachmenti, yaani mafunzo kazini, ya miezi mitatu isiyo na mshahara, kwao ni kazi. Na wale wasaidizi watatu walioajiriwa na kambi yenyewe, nao wamo.

Msidhani ni sisi tu. Tazameni kambi moja ya Marekani, Lambda School, iliyoanza 2017, baadaye ikajiita BloomTech. Ulikuwa unasoma bila kulipa, halafu ukipata kazi ya dola 50,000 kwa mwaka ulikuwa unakatwa asilimia 17 ya mshahara kwa miaka miwili. Inasikika kama kambi nayo imejifunga kamba pamoja nawe, sivyo? Mwaka 2024 CFPB, mamlaka ya Marekani ya kuwalinda wateja wa fedha, iliipiga faini na kuifungia kutoa mikopo, maana ule mpango wa kukatwa mshahara iliuhesabu kuwa mkopo. Matangazo yake yalikuwa yanasema asilimia 71 hadi 86 ya wahitimu wanapata kazi ndani ya miezi sita. Takwimu walizokuwa wanawaonyesha wawekezaji zilikuwa karibu na 50, na nyingine zilishuka hadi 30.

Na soko lenyewe limebadilika. Huku kwetu dalili zilionekana mapema: mwaka 2019 Andela, kampuni iliyokuwa inawafunza watengeneza programu wa Afrika na kuwapeleka kwa wateja wa nje, iliwaachisha kazi mamia ya chipukizi wake, kwa kuwa wateja wake walikuwa wanataka wenye uzoefu. Desemba 2024 kampuni ya 2U, iliyokuwa inaendesha kambi hizi kwa majina ya vyuo vikuu vya Marekani, ikatangaza inaachana nazo. Kwa hiyo mtu akikuambia miezi mitano halafu mshahara wa dola, mwitie chai mzungumze mengine.

Hesabu ya darasa langu nimeifanya mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp, mwaka mmoja baadaye. Kati ya 42, waliolipwa kwa kuandika programu mwaka huo ni 11. Mimi ni mmoja wao, na nilitafuta miezi minane. Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, naandika fomu na ripoti zao za ndani. Hakuna anayeziona. Nikaitwa kwenye usaili si kwa hiki cheti, hawakuomba hata kukiona. Waliuliza kile kisa cha viti 197, jinsi nilivyokirekebisha, wakataka niwafungulie majedwali.

Kwa hiyo ningelipa tena? Kama wewe ni wa folda tano kama mimi, na una pa kulala bure, na una akiba ya kukuvusha karibu mwaka mzima bila mshahara, ndiyo, lakini karo ile ningeilipia nusu. Kama umeshajenga kitu kimoja peke yako ukakimaliza, kaa na pesa yako. Na kama ni ya mkopo wa Sacco aliodhaminiwa mzazi, tafadhali, subiri. Fanya miezi miwili ya freeCodeCamp kwanza, kila siku, uone kama unaipenda hiyo kazi ikiwa haina cheti.

Ukienda kuulizia, usiishie ofisini kwa yule dada wa karo. Omba kukaa darasani siku moja, wiki ya kumi, wakati uchangamfu umeisha. Tazama mwalimu akiitwa anachukua dakika ngapi kufika, na akifika kama anaipora kibodi. Kisha waombe namba za wahitimu watano wa muhula uliopita, uwachague wewe kwenye orodha yao. Wakikupa, una la kuzungumza nao.

Video ijayo nawaonyesha ule mfumo wa viti wenyewe, ndani na nje. Shangazi amekubali kuonekana, kwa sharti kwamba bei zake zisionekane.