Uzoefu wangu: kompyuta ndogo ya sebuleni na video za 4K zilizonikwamia

Nina kompyuta ndogo ya kuonyeshea video, ile inayoenea kiganjani na isiyo na feni, na sasa ni mwezi wa saba naitumia na runinga ya sebuleni. Ndani yake nimeweka Kodi, programu ya kuchezea video, na mafaili inayasoma kutoka kwenye diski iliyounganishwa na mtandao wa nyumbani. Video za kawaida za 1080 hazijawahi kunisumbua hata siku moja. Lakini mimi niliinunua kwa ajili ya video za harusi ya mdogo wangu, zilizopigwa kwa 4K, yaani picha kubwa zaidi yenye nukta nyingi, na hizo ndizo zilizonikwamia mbele ya mama.

Mama aliketi, nikabonyeza, bibi harusi akaanza kuingia ukumbini. Hatua mbili tu, picha ikaganda. Muziki unaendelea, watu wanasikika wakishangilia, bibi harusi bado yuko mlangoni, mguu mmoja haujatua. Ghafla akaruka hadi katikati ya ukumbi. Mama alivumilia dakika tano, kisha akasema, "Mwanangu, zima tu, tutaangalia kwenye simu." Iliniuma.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba ni intaneti. Faili lipo ndani ya nyumba, intaneti inahusikaje? Hata hivyo sikutaka kubishana bila kupima. Nilinakili video kwenye diski ya USB, nikaichomeka moja kwa moja. Ikakwama vilevile. Basi mtandao haukuwa na hatia, angalau kwa kosa hilo la kwanza. Kipimo hiki hakichukui hata nusu saa, na ningekifanya mapema nisingepoteza wiki nzima nikihangaika na ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani.

Nikachomeka kibodi, na video ikiendelea nikabonyeza herufi O. Kodi hufungua kidirisha kinachoeleza video inafunguliwa kwa njia gani. Inapofunguliwa na sehemu maalumu ya chipu, pembeni ya jina la kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana video, huandikwa HW. Kwangu hayakuwepo maandishi hayo. Prosesa ilikuwa imebeba mzigo wote peke yake, viini vyote vinne vimefika asilimia 100, joto digrii 82. Na mashine yangu ikivuka 80 inajipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo kadiri video ilivyoendelea ndivyo ilivyozidi kusuasua.

Fremu moja ya 4K, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ina pikseli (nukta) 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.3, mara nne ya 1080. Video yangu ilikuwa na fremu 50 kwa sekunde. Prosesa ndogo haiwezi kuufanya mzigo huo bila msaada, na msaada uliomo kwenye chipu unajua kodeki fulani tu. Chipu yangu inafungua HEVC ya 4K bila jasho, lakini kwa H.264 mwisho wake ni 1080. Mpiga video alikuwa ametupa H.264. Mimi niliamini kwamba kodeki ya zamani lazima iwe nyepesi kuliko mpya: H.264 ni ya 2003, HEVC ya 2013. Kumbe uzee si hoja, hoja ni kile chipu ilichoundwa kukifungua. Hapa ndipo nina lawama na maandishi ya kwenye boksi: 4K imeandikwa kwa herufi kubwa, lakini ni 4K ya kodeki ipi, hakuna neno. Mnunuzi anastahili kuambiwa hilo kabla hajatoa pesa.

Nilibadilisha mafaili kuwa HEVC kwa HandBrake, programu ya kubadilishia video, kwenye laptopu, yakalala yakifanyiwa kazi usiku kucha. Yalipungua ukubwa karibu nusu, na kwa macho yangu ubora haukuguswa. Mafaili ya asili nimeyahifadhi, na nakusihi usiyafute hata kama nafasi imebana.

Kuganda kukaisha, ikabaki kasoro nyingine. Kamera ikigeuka taratibu kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, picha ilikwenda kwa vijirukaruka, na ukingo wa shela ulionekana kama umechanika. Safari hii prosesa ilikuwa imepumzika kabisa. Nikafungua mipangilio ya skrini: 3840 kwa 2160, hezi 30, yaani skrini inabadilisha picha mara 30 kwa sekunde. Fremu 50 zinaingizwa kwenye nafasi 30, maana yake kila sekunde fremu 20 zinatupwa. Sababu ilikuwa kwenye runinga. Matundu yake ya HDMI, yanayopokea kebo ya picha na sauti, huja yamefungiwa mawimbi ya kiwango cha chini, na lazima uingie kwenye menyu ufungue kiwango cha juu, tundu kwa tundu. Nikafungua, kisha nikaiambia Kodi ilinganishe hezi za skrini na fremu za video. Kwa hezi 50, kamera inageuka kama jicho linavyogeuka. Nilirudia kipande hicho mara nne kwa furaha.

Siku iliyofuata skrini ikaanza kuzima sekunde moja na kuwaka tena. Hiyo ilikuwa kebo. 4K ya hezi 50 au 60 kupitia HDMI 2.0 inaweza kuhitaji hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na kebo yangu ilikuwa ya enzi za gigabiti 10.2. Nikanunua fupi yenye lebo ya Premium High Speed, habari ikaishia hapo.

Sasa mtandao, maana nao ulikuja kudai zamu yake. Kamera ya pili ya harusi ilirekodi kwa HEVC, lakini nzito, karibu megabiti 140 kwa sekunde. Kutoka diski ya USB ilicheza safi. Kutoka kwenye diski ya mtandao wa nyumbani ilisimama kila baada ya muda mfupi, asilimia za bafa (sehemu ya video inayopakiwa kabla ya kuchezwa) zikipanda polepole, ikacheza kidogo, ikasimama tena. Ukurasa wa ruta ulionyesha tundu la kompyuta hiyo linakwenda kwa megabiti 100 badala ya 1000. Nikaufuata waya kwa vidole kutoka ruta hadi kabatini, nikaukuta umekandamizwa na mguu wa kabati, umekuwa bapa kama utepe. Waya wa mtandao una nyaya nane katika jozi nne. Kasi ya 1000 inazitaka jozi zote nne, ya 100 inatosheka na mbili. Jozi moja ikikatika, vifaa vinaweza kushuka hadi 100 kimyakimya, bila onyo lolote. Niliweka waya mpya na kuupitisha ukutani. Wi-Fi niliijaribu, lakini kasi yake ilipanda na kushuka mno kwa faili zito kama hilo.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, na bila kusita. Haina kelele, inakula umeme kidogo, na ikipewa video ya kodeki inayoijua, 4K inakwenda saa tatu mfululizo bila kigugumizi. Kama video zako nyingi ni H.264 za 4K moja kwa moja kutoka kwenye kamera, na huna kompyuta ya kuzibadilishia, tafuta mashine nyingine. Joto bado nalichunga: nimeitoa ndani ya kabati nikaibandika nyuma ya runinga penye hewa, na tangu hapo haijafika digrii 65. Mama ameimaliza video yote Jumapili, kisha akaniomba niirudishe pale bibi harusi anapoingia ukumbini.