Kaduka ka masoso ku Kadutu: unga ndiyo, vile vidonge hapana

Haka kaduka ka karibu na soko ya Kadutu, hapa Bukavu, nakajua toka muda, jina siandike juu mama mwenye duka ni mtu muzuri na sitaki kumuharibia. Masoso yao, ule unga wa uji wa mahindi, soja na mtama, iko safi kabisa: soja wanakaangaka wenyewe, harufu inakukuta barabarani, unga hauna michanga, uji unashika vizuri. Hapo nawapa tano juu ya tano.

Shida ni ile etajeri ya nyuma. Nilienda na tanti, mwenye walimukata ziwa moja juu ya kansere na sasa anakunywa tamoksifeni, dawa ya kuzuia hiyo kansere isirudi, komprime ya 20 mg kila siku. Mama akamuletea kachupa keupe ka vidonge, eti soja ya nguvu, inatengeneza homoni za wanawake, dola 15. Hakuuliza hata tanti anakunywa dawa gani! Etiketi ni fotokopi imekatwa na makasi, imeinama, imeandikwa isoflavoni, kiasi gani hakuna.

Mi nilisomaka mambo ya labo kidogo, njo maana nilishituka. Ndani ya soja kuko genisteini, ni moja ya hizo isoflavoni, inafanana na estrojeni, homoni ya wanawake, mpaka inaingia mlango ule ule wa seli, na tamoksifeni kazi yake ni kuziba huo mlango. Kuko seli za kansere ya ziwa zinaitwa MCF-7, zilitoka kwa masere (mtawa) mmoja wa Marekani mwaka 1970 na labo za dunia bado zinazikuza: ukizipa genisteini kidogo zinaongezeka, ukimimina mingi sana zinasimama. Na kwa panya wenye uvimbe wa namna hiyo, genisteini ilishaonekana inapunguza nguvu ya tamoksifeni.

Sasa msianze kutupa uji. Seli ya kwa kisahani siyo tanti wangu, panya pia siyo. Shanghai walifuata wanawake 5,042 wenye walitibiwa kansere ya ziwa, matokeo yakatoka 2009, wale wenye walikuwa wanakula soja mingi kansere iliwarudilia kidogo kuliko wengine. Lakini hiyo ni soja ya sahani, siyo ya kukamuliwa na kufungiwa ndani ya kidonge.

Kesho yake nikarudisha chupa. Pesa alikatala, akasema chukua unga wa dola 15, basi tukabeba masoso mpaka motari akaanza kulalamika.